Mshono Katikati ya Kipandio

Jumapili, 3 Machi

Baba Mdogo,

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Nilitarajia kishindo, kumbe ilikuwa kama mtu anavunja mkate mkavu katika chumba cha jirani, mara moja tu, kisha kimya. Tangu Ijumaa naisikia nikipiga mswaki, naisikia nikigeuza ufunguo mlangoni. Nisamehe kwa kuanza na sauti kabla ya salamu. Ningeanza vizuri, barua hii isingeandikika.

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mama Mdogo ameacha kuficha dawa zake za presha nyuma ya vikombe, au bado mnawindana kama paka na panya? Msalimu sana. Mimi mwili mzima. Chumba changu bado kinanuka rangi, na jirani wa juu bado anahamisha viti kila jioni kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza.

Sasa sauti. Ijumaa nilikuwa chumba cha majaribio na Kisigino, yule mama wa mashine namba nne niliyekwambia hufunga mlango wa mashine kwa teke la nyuma. Tulikuwa na kipandio cha hospitali, kile kinachowekwa ubavuni mwa kitanda ili mgonjwa apate pa kukanyaga, kilichotoka kwenye kalibu ya kuumbia plastiki uliyotuchongea. Tukakiweka chini ya jeki ya kupimia, ile inayokandamiza taratibu kama mguu wa mtu mzito. Kipandio kinatakiwa kibebe watu wawili wanene bila kunung'unika. Kilivunjika hata uzito wa mmoja haujatimia. Kilikatika katikati, pale hasa mguu unapotua. Kisigino akasema labda hicho kimezaliwa na bahati mbaya. Tukachukua kingine, na kingine. Sauti ileile.

Unaujua utaratibu wetu. Kila asubuhi tunapima kipandio kwenye mizani, halafu tunakata kipande karibu na mlango wa kuingilia plastiki ili tuone povu la ndani likoje. Tunakata hapo kwa sababu msumeno unashika vizuri. Sijawahi kumsikia mtu akitoa sababu nyingine. Na hapo povu siku zote ni zuri, viputo vidogo vimejipanga kama ndani ya mkate laini, na ganda la nje gumu. Tunaweka alama ya vema, tunaendelea na kazi. Ijumaa, kwa mara ya kwanza, nilikata katikati. Baba Mdogo, ndani kuna pango. Kidole gumba changu kiliingia. Na katikati ya pango kuna mstari, kama mshono wa nguo, mahali plastiki ya upande huu ilipokutana na ya upande ule ikashindwa kushikana nayo.

Nimekaa na jambo hili siku mbili na naona linatoka kwenye kalibu. Uliweka milango miwili, mmoja kila ncha, kama unavyoweka kwenye kalibu za mabeseni marefu. Kwa plastiki ngumu hakuna neno, maana mashine huendelea kuisukuma hata kalibu ikishajaa, pande mbili zikabanwa mpaka zikawa kitu kimoja. Lakini hii ya povu tunaijaza pungufu makusudi, kisha tunaiachia ule unga tunaouita hamira utoe hewa na kuiumua ijaze nafasi iliyobaki. Hakuna mkono wa kubana. Pande mbili zinafika katikati zimepoa, zimechoka, zimebeba viputo vilivyokwisha vimba, zinapeana salamu ya mbali.

Nadhani mlango ungekuwa mmoja tu, katikati. Nakuuliza kabla sijapeleka neno kwa meneja, kwa sababu kalibu ni yako na kwa sababu vipandio vya mwanzo vimeshafika wodini. Usinune. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma mchoro kabla sijajua kusoma gazeti.

Ni mimi mwanao.


Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yenyewe umeichomeka katikati ya barua kama mtu anayelipisha nauli abiria aliyelala. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako mdogo siku hizi dawa anakunywa, ila anataka nimtazame anapomeza, kama mimi ni askari jela. Anauliza unakula nini huko. Nimemjibu unakula chuma.

Ungepiga simu ungeokoa wino, lakini unajua masikio yangu yameliwa na mashine, kwenye simu nasikia mbu tu. Basi tuandikiane. Na nikikugombeza hutaweza kukata laini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Ya tatu ndiyo hii ninayojibu. Kalibu yangu haina kosa. Kitu kirefu vile ukikiwekea mlango mmoja, plastiki itafika pembeni imeshalala usingizi. Milango miwili ndiyo kazi ilivyo, nimeiweka tangu wewe huna meno, na hakuna beseni langu lililomwangukia mtu.

Sasa na mimi nikuulize. Dereva wa lori lenu aliponiletea chuma alikuwa na kipandio kipya garini. Kinang'aa kama upara uliopakwa mafuta. Vile vya mwanzo mlivyonitumia vilikuwa na michirizi mwili mzima, utadhani ukuta uliopigwa chokaa na mlevi. Mmeiondoaje michirizi? Usinijibu, najua. Mmeipasha kalibu moto na mmeipunguzia mashine kasi. Kalibu ya moto inaipendezesha ngozi, sikatai. Lakini ganda linakuwa jembamba kama la yai, na ndani viputo vinapata muda wa kunenepa kwa raha zao. Ni nani aliyetaka hivyo, kama si huyo meneja wenu mnayemwita Kioo? Na ni nani aliyezungusha vifundo vya joto, kama si wewe mwenyewe?

Irudishe ilivyokuwa, baridi na haraka. Ukishafanya hivyo ndiyo uniandikie habari za mapango.

Nakwambia na hili, ulishike. Kalibu hiyo ndiyo kubwa ya kwanza tangu niache kuajiriwa nikafungua karakana yangu. Kuna wateja wawili wamekaa pembeni wanasubiri kuona itakavyokwenda. Mtu baki akisema kazi yangu mbovu, nitamwambia ana wivu. Ukisema wewe, mtoto niliyemlea, nikusingizie nini?

Kipandio kimoja kati ya vile vya mwanzo kipo jikoni. Mama yako mdogo anakipanda kila siku kufikia rafu ya juu, na yeye si mwepesi, usimwambie nimesema. Hakijawahi kulalamika.

Baba yako mdogo, ambaye bado ni baba.


Jumapili, 24 Machi

Shikamoo Baba Mdogo. Safari hii naiweka mlangoni kabisa usije ukanidai. Mwambie Mama Mdogo ninakula. Si vizuri sana, lakini ninakula, na chuma sijafikia. Huku mvua imenyesha wiki nzima, bila shaka goti lako lilishajua.

Pale uliponiuliza ni nani aliyezungusha vifundo, uliniuma. Ni mimi. Kioo aliingia siku moja ameshika kipandio chenye michirizi, akasema wanunuzi wanadhani tunawauzia vitu vilivyotumika, yeye anataka ajione sura. Nilijua joto lina gharama zake, nimelisoma darasani. Nikalipandisha kidogo, nikapunguza kasi kidogo, nikakata kipande karibu na mlango, nikakikuta kizuri. Nikarudi nyumbani nikalala fofofo. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikukata sehemu nyingine. Nadhani sikutaka kuona. Nilijipa jibu nililolipenda, nikaliita kipimo.

Kwa hiyo nilifanya ulivyosema. Kisigino alikubali kubaki baada ya zamu. Tuliiacha kalibu ipoe, tukaisukuma plastiki kwa kasi. Kipandio kikatoka na michirizi yake, kibaya kama ulivyokieleza. Chini ya jeki kikabeba mtu wa kwanza. Kikaanza kumbeba wa pili, Kisigino akaanza kupiga makofi. Kisha kikakatika. Palepale katikati. Nilipokikata, pango lilikuwa limepungua na viputo vimekuwa vidogo, lakini mshono upo, umelala vilevile.

Siku ya pili nilijaribu kinyume. Niliziba mlango mmoja wa kalibu kwa kizibo cha shaba, nikaacha joto na mwendo anavyovitaka Kioo. Plastiki ikaingia upande mmoja, kwa hiyo hakuna kukutana na hakuna mshono. Hicho hakikuvunjika katikati. Kilivunjika ncha ya mbali, ambako viputo vilikuwa kama punje za maharagwe na ganda jembamba mpaka ukucha ulizama.

Basi wewe una haki nusu na mimi nina haki nusu, na kwa hizo nusu zetu mbili mtu ataanguka. Kisigino anasema tunagombana kama wakwe, kila mmoja anaapa kwamba mtoto mbaya ni wa mwenzake.

Ninachofikiri ni hiki. Wewe uchonge mlango mmoja katikati, upande wa chini ambao hakuna anayeutazama. Mimi nirudishe ubaridi na kasi, na michirizi irudi, Kioo ajitafutie sura yake kwingine. Nadhani hapo kitabeba. Siwezi kukuapia kabla sijakiona chini ya jeki.

Kioo bado sijamwambia. Nakusubiri wewe kwanza, na ninajua kusubiri huku si kwema, maana kila lori linaloondoka linabeba vingine.

Mwanao.


Jumanne, 9 Aprili

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini mu wazima. Sijapata jibu. Dereva ameniambia barua alikupa mkononi, mbele ya vijana wako, ukamwambia hakuna majibu. Sawa.

Nisingekuandikia tena mapema hivi, lakini kipandio kimevunjika wodini. Mgonjwa alikuwa anatoka kuoga, anapanda kurudi kitandani. Muuguzi akamdaka, wakaenda chini wote wawili. Mgonjwa hakupata kitu. Muuguzi amevunjika mkono wa kulia. Nilikwenda kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye benchi akijaribu kufunga kifungo cha sare kwa mkono mmoja, anakasirika, anaanza upya. Nikamwambia natoka kiwandani. Akaniuliza kama nimeleta vipya, kwa sababu vile vinang'aa vizuri na wagonjwa wanavipenda. Nilimsaidia kifungo.

Niliporudi nikamweleza Kioo yote, mshono na joto, tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Halafu akaniambia niandike ripoti, na niandike kwamba kalibu ina kasoro. Kalibu peke yake. Kiwanda kitasema kiliuziwa kitu kibovu na fundi, kitaagiza kingine kwa mtu mwingine, mambo yaishe. Nikamwuliza, na joto je?

"Joto halina jina la mtu," akasema. "Kalibu inalo."

Kisha akanionyesha picha ya kazi inayofuata. Ni vikalio vya viti vya magurudumu, povu hilihili, kalibu inatoka kwa fundi mwingine. Anataka ving'ae kushinda vipandio.

Nimemwomba anipe muda, amenipa, lakini hatanipa mwingi. Sijui niandike nini na sina mwingine wa kumwuliza. Mama Mdogo aache kukipanda kile cha jikoni, tafadhali, hata kama ni cha mwanzo, hata kama hakijawahi kulalamika. Na wewe nijibu. Nitukane ukipenda, lakini nijibu.

Mwanao.


Jumamosi, 27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku wote wazima, ila nyumba ina kimya ambacho hata mimi nakisikia. Nitakueleza.

Barua yako ya majaribio niliikasirikia kwa sababu haikuwa na tundu la kutokea. Nimezoea ukikosea, nakurekebisha, unanuna, tunakula. Safari hii nilitafuta ulipokosea nikazunguka mpaka nikachoka. Ndiyo maana nikamwambia dereva hakuna majibu, kwa sauti, vijana wasikie kwamba sibabaishwi. Walisikia. Waliinamisha vichwa wakaendelea kupiga tupa.

Barua ya muuguzi nilimsomea mama yako mdogo. Alikwenda jikoni akakitoa kipandio, akakileta karakana, akakiweka juu ya michoro yangu, akarudi ndani.

Kilikaa pale siku kadhaa, nikawa nafanya kazi kwa kukizunguka. Mwishowe nikakikata. Katikati, si karibu na mlango. Kumbuka hiki ni cha baridi, cha haraka, chenye michirizi, hiki nilichokuwa najisifia. Mshono upo. Umenyooka kama niliupiga kwa rula. Nimepitisha ukucha, ukucha umeingia. Na mke wangu amekuwa akisimama juu yake kila siku ameshika sufuria la maji ya moto.

Nilichonga kalibu ya povu kama nachonga ya beseni. Mliponiambia itakuwa ya povu nilisema sawa, nikaenda nikafanya kile mikono yangu inachokijua. Sikuuliza povu linatembeaje. Nilidhani plastiki ni plastiki. Hilo limekwisha, siwezi kulichonga upya kwa maneno.

Sasa nisikilize. Andika anavyotaka huyo bwana. Andika kalibu tu. Ukiandika joto, utakuwa umeandika mkono wako, kwa maana vifundo ulizungusha wewe, na yeye atakuruka kimanga, ataapa hakukutuma. Utakuwa msichana aliyevunja mkono wa muuguzi, na hakuna kiwanda kitakachokufungulia mlango. Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Karakana ikifungwa nitakaa kibarazani na goti langu tutabiri mvua. Wewe ndiyo kwanza unaanza.

Mama yako mdogo nilimweleza hivyo, na ndiyo sababu ya kimya. Aliniambia, "Unampa mtoto kitu atakachokibeba mpaka uzeeni, halafu unakiita zawadi." Tangu hapo ananiwekea chakula mezani na kwenda zake. Atapoa.

Sikuombi, nakuagiza. Baba yako alipofariki nikakuchukua, sikumwomba mtu ruhusa, wala wewe sikukuuliza kama unataka. Na hili ni vilevile. Andika jina langu, funga bahasha, endelea na maisha yako.

Baba yako mdogo.


Jumapili, 5 Mei

Shikamoo Baba Mdogo. Shikamoo na wewe Mama Mdogo, maana nahisi sasa mnazisoma pamoja. Natumaini kimya kimeisha na mnakula meza moja. Mimi sijambo, nimelala vizuri jana, kwa mara ya kwanza baada ya muda.

Barua yako nilikaa nayo. Nililia, kisha nikafua nguo zote, hata zilizokuwa safi. Sikujua kama mtu anaweza kukasirishwa na kupendwa. Nilizunguka chumbani nikikujibu kwa sauti, mpaka jirani wa juu akatulia na viti vyake, nafikiri alikuwa anasikiliza.

Nilijaribu kukutii. Niliiandika ripoti ya kalibu tu. Ilikuwa fupi, nzuri, na hakukuwa na uongo ndani yake. Milango miwili, kweli. Mshono, kweli. Kuvunjika katikati, kweli. Niliisoma nikaona inaweza kupita mbele ya mtu yeyote, na hapo ndipo nilipoogopa. Kila neno lilikuwa la kweli na bado lingemwangusha mtu.

Kwa sababu kalibu ya viti vya magurudumu imefika. Nimeiona. Mlango mmoja, katikati, kazi safi, hata wewe ungeisifu kwa shingo upande. Na Kioo ataipasha moto mpaka ajione sura, na plastiki ataiingiza polepole, na kule pembeni mbali na mlango, ambako mapaja ya mtu yanakaa, viputo vitanenepa. Kipande cha karibu na mlango kitakatwa, kitapendeza, kitawekewa vema. Mtu akiuliza, watamwonyesha ripoti yangu kwamba tatizo lilikuwa kalibu ya fundi fulani na fundi huyo hayupo tena. Yule wa kwenye kipandio alikuwa na miguu ya kujishika nayo na muuguzi wa kumdaka. Anayekaa kwenye kiti hiki hana mguu wa kuruka nao.

Umenipa jina lako nilitumie kufunika. Baba Mdogo, halitoshi. Si kwa sababu ni dogo. Linafunika nusu tu, na nusu iliyobaki inaendelea kufanya kazi.

Nikaandika nyingine, juu kabisa jina langu, chini yake lako. Nimesema kalibu ilichongwa ikiwa na milango miwili, na pande mbili hukutana pale mguu unapotua. Nimesema joto lilipandishwa na kasi ikapunguzwa ili kupata mng'ao, kwa agizo la meneja na kwa mkono wangu. Nimesema kipande cha ukaguzi kilikatwa mahali ambapo povu halijawahi kuwa baya, na kwamba sote tuliona na hakuna aliyeuliza. Nimeeleza majaribio yote mawili. Kisigino aliomba kalamu akaandika jina lake kama shahidi, akasema herufi zake mbaya lakini zinabeba uzito.

Nilimpelekea Kioo kwanza, sikutaka kupita nyuma yake. Aliisoma amesimama. Akaniambia ikitoka nje ya geti, nami nitoke nayo. Nikamwambia nimeelewa. Hakupaza sauti, na mimi sikupaza. Nakala nyingine nilimwachia katibu wa mwenye kiwanda, nikarudisha ovaroli stoo, nikatoka.

Najua uliagiza. Tangu unichukue sijawahi kukataa agizo lako kubwa, madogo ndiyo usiseme. Wateja wako wawili watasikia. Vijana wako watasikia. Sina neno la kulipunguza hilo na sitajifanya ninalo. Ukinyamaza, safari hii nitajua ni kwa sababu gani, na sitamtuma dereva akuulize.

Jana asubuhi nilikwenda hospitali kwa miguu, na nakala ya tatu mkononi. Mkuu wa wauguzi aliniketisha, akaisoma ripoti yote, mistari mingine akiirudia kwa kidole. Aliniuliza jina la kwanza ni la nani. Nikamwambia ni langu. Akauliza la pili je. Nikamwambia ni la baba yangu. Aliniangalia kidogo, akaikunja karatasi, akainuka kuwaita wahudumu. Nilisimama kwenye korido nimeushikilia mlango wa wodi usijifunge, nao wakaanza kuvitoa vipandio, kimoja kimoja, vinang'aa.

Mwanao.